Jina Alilolimeza Lukas

Hapana, Lukas hakuiba kitu. Hayo ni maneno ya watu waliokaa kwenye mkutano wa Bunda, wakanywa soda, wakaondoka bila kusikiliza. Ila usijione mjinga kuuliza, maana hata Wegesa mwenyewe aliamini hivyo kwa siku nne nzima. Sogeza kigoda. Tuanzie pale kwenye dirisha la kadi.

Ilikuwa Jumatatu, Musoma mjini, hospitalini. Jumatatu ya hospitali huiwezi. Wagonjwa wa Jumamosi wapo, wa Jumapili wapo, na wa Jumatatu yenyewe ndo wanaingia. Halafu siku hiyo mtandao ukakata. Yule dada wa kadi akabaki anaangalia kompyuta kama mtu aliyefika kisimani akakuta pamekauka. Foleni ikaanza kuchanganyika, huyu anasema nilitangulia, yule anasema nina mtoto, kelele mpaka nje kwenye mabenchi.

Ndo akatoka Wegesa. Muuguzi, binti wa Mwitongo kule Butiama, ila amepanga chumba Kitaji, hapo hapo mjini. Mrefu, sare nyeupe imenyooshwa vizuri, sweta ya bluu, nywele kazibana nyuma. Mkononi ana vitambaa vyembamba, vyekundu na vyeupe. Hakupiga kelele. Anapita tu, anagusa paji la mtu, anauliza neno moja, anamfunga kitambaa mkononi. Chekundu, huyo hawezi kusubiri, atangulie. Cheupe, huyo anasubiri. Na kila akizunguka tena kumwangalia mtu, anapiga fundo moja kwenye kile kitambaa. Muuguzi yeyote akija anajua huyu ameangaliwa mara tatu, yule hajaangaliwa hata mara moja. Mtu akishaonwa na daktari, kitambaa kinafunguliwa, kinakwenda kuchemshwa.

Nusu saa tu, watu wametulia.

Sasa pale kwenye nguzo alikuwa amesimama kijana, shati la bluu, tai, viatu vimepigwa dawa mpaka vinang'aa. Lukas Masatu, mtoto wa Murangi, wa kule ziwani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mahospitali na vituo vya afya na tableti, anaandika ujuzi wa wafanyakazi. Maana imeonekana mtu akistaafu anaondoka na akili yake yote, anaenda kulima mihogo, na wanaobaki wanaanza upya kama vile hapo hapakuwaga na mtu. Siku ile alisahau hata hiyo tableti ameiweka wapi.

"Dada, samahani," akasema. "Na mimi nifunge."

"Unaumwa nini?"

"Sijajua bado. Imeanza sasa hivi."

Bibi mmoja mwenye kitambaa chekundu akadakia, "Mfunge, mwanangu! Huyo hali yake mbaya kuliko mimi."

Watu wakacheka. Wegesa akamwangalia Lukas kuanzia viatu mpaka tai, taratibu, bila haraka. Akachomoa kitambaa cheupe. "Huyu ana nguvu. Anasubiri."

"Mpaka lini?"

"Foleni haiulizwi." Akamfunga. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya maji ya bomba na harufu ya sabuni.

Lukas akauliza, "Hii ya vitambaa mlifundishwa chuoni?"

"Chuo gani! Ni ya mama yangu, Dafroza. Alikuwaga mhudumu wa wodi kwenye kituo cha afya kule kwetu, miaka thelathini. Ameishia darasa la nne, yale machati ya ukutani yalikuwa yanamsumbua, ndo akabuni mafundo yake. Kastaafu mwaka jana. Sasa hivi pale kituoni wanatafutana tu."

"Naweza kumwona?"

"Mama, au mimi?"

"Nianze na yupi?"

"Anza na foleni," Wegesa akasema, akageuka kuficha kicheko.

Basi. Ikawa hivyo. Lukas akawa anakwenda Mwitongo, anakaa na mama Dafroza siku nzima, mama anachambua maharage huku anaeleza. Kwa nini fundo la kwanza linakaa karibu na mkono. Kwa nini mama aliyejifungua anafungwa chekundu hata kama anacheka. Lukas anaandika, anachora, anapiga picha. Na jioni simu inalia Kitaji.

"Mgonjwa wako huku."

"Unaendeleaje, mgonjwa?"

"Nimezidiwa, mpenzi. Hujapita kuniangalia tangu Ijumaa."

"Una mafundo mangapi?"

"Matano tu! Wenzangu wameshaonwa wameenda kwao."

Maana kila wakikutana, labda pale ufukweni wanakula samaki, Lukas anatoa kile kitambaa mfukoni, na Wegesa anapiga fundo moja. Mchezo wao. Lakini mafundo yalipofika tisa, Lukas aliacha mchezo. Akasema, "Wegesa, mimi nataka wazee wangu waje kwenu." Wegesa akavuta mtandio mpaka puani, akasema, "Njia wanaijua?" Hilo ndo jibu lenyewe, kama hulijui.

Halafu ikaja Bunda.

Kulikuwa na mkutano, waganga na wauguzi wakuu wa vituo vingi, kila mtu analeta ubunifu wa kwao. Lukas akasimama na vile vitambaa. Akaeleza vizuri, watu wakapiga makofi, wakakubaliana wajaribu kwenye wodi zao. Sasa mwandishi wa mkutano akauliza, "Mbunifu ni nani?"

Lukas akasema, "Ni mama mmoja mstaafu, upande wa Butiama."

"Jina?"

Lukas akakohoa. Akanywa maji. "Limo humo ndani ya taarifa."

"Bwana Lukas, litaje tu niandike."

Akaangalia chini kama mtoto aliyevunja chungu. Watu wakacheka, wakadhani mbunifu ni yeye mwenyewe, anaona aibu kujisifu. Mwandishi naye alikuwa na njaa. Akaandika: *Mbunifu, Lukas Masatu.*

Ile karatasi ikapigwa picha, ikarushwa kwenye magrupu ya wauguzi. Kesho yake saa ya chai Recho, wanafanya naye wodi moja, akamletea Wegesa simu. "Shoga, mchumba wako kawa mtu mkubwa. Hivi hii sio ile ya mama yako?"

Wegesa akasoma. Akasoma tena. Chai ikapoa. Alikuwa anamwona mama yake, miaka ile ya nyuma, anarudi kazini miguu imevimba, anakaa chini kuchana shuka kuukuu kwa taa ya chemli, madaktari wanamwita "yule mama wa matambara." Miaka thelathini hakuna aliyemwandika popote. Na leo ameandikwa mwingine, na huyo mwingine kaletwa Mwitongo na yeye Wegesa mwenyewe.

Akampigia.

"Kipenzi, nilikuwa nataka..."

"Lukas, ile ya vitambaa kabuni nani?"

"Kabuni mama yako. Kila mtu..."

"Mama yangu anaitwa nani?"

Akamsikia anakohoa.

"Lukas, nakuuliza. Hujui jina lake? Umekula kwake mara ngapi? Taja."

"Siwezi, Wegesa. Na wewe unajua kwa nini siwezi."

"Mimi najua?"

"Unajua, mpenzi."

"Sawa," Wegesa akasema. "Nimejua." Akakata. Alipigiwa mara kumi na moja hakupokea. Akiwa zamu anatabasamu kwa wagonjwa, akifika Kitaji anajifungia.

Jumamosi akapanda kwenda Butiama. Akamkuta mama yake uani anaanika udaga, ile mihogo ya kusaga unga, kitenge cha njano kiunoni, anaimba nyimbo za kwaya. Wegesa hata hakukaa. Akamwaga yote, karatasi, Bunda, simu, mpaka machozi yakaja. "Mama, nimekuletea mwizi nyumbani. Nisamehe."

Dafroza akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Ulimwambia alitaje jina langu?"

"Nilimwambia."

"Kwenye simu? Akakataa?"

"Akakataa, mama!"

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udaga. "Maskini mtoto wa watu! Na Bunda nako walimbana!"

"Mama, kinachochekesha ni nini?"

"Kaa. Jumapili ile ulipokuwa zamu, mjomba wake, Clementi, alikuja hapa. Alikuja na mbuzi, na kitenge hiki hiki unachokiona. Kaja kubisha hodi kwa ajili yako, na mimi nikapokea."

Wegesa mdomo wazi. "Na hukuniambia?"

"Nilikuwa namsubiri Ngolo, baba yako mdogo, arudi kutoka machungani akuambie yeye. Baba yako angekuwepo angekuambia, hayupo, ni zamu ya Ngolo. Neno kama hilo linasemwa kwa simu? Kumbe kijana anadhani umeshaambiwa." Akapangusa macho. "Tangu mbuzi yule aingie zizini, mimi ni mkwe wake. Nani kwetu anamtaja mama mkwe jina? Hata wao kule Murangi hawawezi. Angenitaja mbele ya watu wa Bunda, Ngolo angemrudishia mbuzi wake siku hiyo hiyo. Na mimi ningemsaidia kumkamata huyo mbuzi."

Wegesa akakaa kwenye udaga na yeye. Halafu akasema pole pole, "Mimi nilimkatia simu."

"Ulikuwa unanitetea. Sio vibaya." Mama akachukua kipande cha udaga, akakigeuza geuza. "Lakini Wegesa, nikuambie ukweli. Kucheka nimecheka, ila hilo jina nalitaka. Miaka thelathini. Nataka liandikwe."

Ndo Wegesa akapiga simu. Lukas akapokea hata haijaita vizuri.

"Mgonjwa."

Akasikia mtu anavuta pumzi upande wa pili. "Nilijua nimekufa," Lukas akasema.

"Hujafa. Nilikuwa sijaambiwa habari za mbuzi. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Na mimi nilitakiwa nikuulize kama umeambiwa. Ningeuliza tu." "Wegesa, nimeandika barua ya kurekebisha ile karatasi. Kuandika naweza, mdomo ndo hauwezi. Lakini wale wa mkutano wanataka nisimame tena Alhamisi, hapo Musoma, nieleze kwa mdomo. Nitafanyaje?"

Wegesa akamwangalia mama yake. Mama alikuwa ameshaanza kukagua kitenge kama kina doa.

"Mwenye jina anakuja mwenyewe," Wegesa akasema.

Alhamisi Dafroza akaingia kwenye ukumbi wa mkutano, gauni la kanisani, kilemba, viatu vya kuazima kwa Recho vinambana. Lukas akamwona, akahama upande wa pili wa chumba, akasimama anaangalia dirisha, kama mkwe anavyotakiwa. Mwandishi akauliza, "Mbunifu ni nani?"

Mama akasimama. "Ni mimi. Dafroza, mhudumu wa wodi. Andika nione."

Yule akaandika. Mama akasogea, akasoma herufi moja moja kwa kidole. "Umesahau kuandika mhudumu wa wodi," akasema. Mwandishi akaandika na hiyo. Siku hizi kuna kijitabu cha kufundishia vitambaa, kina jina lake juu, na Lukas akienda kufundisha, akifika hapo ananyoosha kidole, wauguzi ndo wanasoma. Wameshazoea.

Jumapili wakakusanyika Mwitongo. Ngolo karudi, Clementi kaja na samaki, sato wawili wakubwa wa Murangi, Wegesa kasonga ugali wa udaga. Chakula kimeiva, kinatoa mvuke, lakini hakiliki. Mkwe hawezi kula anatazamana na mkwe. Lukas aende nyuma ya nyumba? Ngolo akasema hapana, mgeni hali nyuma ya nyumba. Mama aende jikoni? Clementi akasema haiwezekani, siku yenyewe ni yake. Wanabishana, ugali unapoa.

"Jamani!" Dafroza akaita kutoka ndani. "Wekeni pazia hapa mlangoni. Mimi ndani, yeye barazani. Mkono wangu akiuona hautamuua."

Wakatundika shuka. Wegesa akakaa hapo hapo mlangoni, nusu huku, nusu huku, wa kupitisha mabakuli. Lukas bado kasimama. Akatoa mfukoni kile kitambaa cheupe, kimechakaa, mafundo tisa. Akaupeleka mkono kwa Wegesa.

Wegesa akamfunga kama siku ile ya kwanza, akapiga fundo la kumi. Halafu akakifungua, akakiweka pembeni, kiende kuchemshwa na vile vya wodini.

"Wewe umeshaonwa," akasema. "Kaa ule."

Lukas akakaa. Ndo wote wakanawa, wakala.