Vipimo vya Koti la Sikukuu

“Shemeji, usinibane makwapa kama mwaka jana. Nilipiga ngoma gwaride zima huku napumulia tundu la kifungo.”

Fundi alicheka, akamzungushia tepu kifuani. Mpiga ngoma kubwa wa bendi ya mji ndiye aliyekuwa wa mwisho kupimwa siku hiyo. Makoti thelathini ya Siku ya Uhuru, na siku zilizobaki ni tisa.

“Na mwenzako yuko wapi? Wote wameshapita hapa isipokuwa yeye.”

“Tarumbeta? Anasema mazoezi yamembana. Kanipa karatasi hii nikuletee, vipimo vyake vyote vimo.”

“Mazoezi gani yambane yeye, wewe yakuachie?”

“Mimi napiga ngoma, shemeji. Ngoma haitaki mazoezi, inataka hasira tu.”

Fundi alikunjua karatasi bado anacheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

Tarumbeta alikuwa mchumba wake, na harusi yao ilipangwa wiki mbili baada ya sikukuu. Miaka saba mfululizo alikuja mwenyewe kupimwa, akajifanya anatekenyeka, akaondoka kachelewa. Kwa Fundi, sikukuu ilikuwa imebaki hiyo tu. Gwaride lenyewe alikuwa halioni tena. Alipokuwa mtoto, Siku ya Uhuru ilikuwa gauni jipya ambalo mama yake, fundi naye, alilishona kwa vipande vilivyobaki, na pipi mpaka ulimi ukabadilika rangi. Alipofika miaka kumi na minne ikawa siku ya kusimama juani bila kunywa maji, ilimradi amwone mvulana fulani wa bendi ya shule akipita na tarumbeta yake. Mwaka huo alikuwa amembeba mdogo wake mabegani, mtoto wa miaka mitano. “Yule pale,” alimwambia, “mwone yule mrefu.” Aliyemwonyesha mdogo wake huyo kijana kwa mara ya kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Kisha mama akafa, mdogo wake akiwa na miaka kumi na miwili, cherehani ikawa yake, na sikukuu ikawa siku ya kulala kutwa nzima, mgongo ukiuma kwa makoti ya watu.

Sasa alikuwa ameshika karatasi ile. Mafundi wote duniani wanaanza na mabega. Mama yake peke yake ndiye aliyeanza na kifundo cha mkono. “Mshike mteja mkono kwanza,” alikuwa akisema, “atulie, asikukakamalie.” Na nusu inchi hakuiandika kwa namba, aliweka kinukta juu. Karatasi ilianza na kifundo cha mkono. Saba, na kinukta juu.

Mama alifundisha watu wawili tu.

“Shemeji, kwema?” Mpiga ngoma aliuliza.

“Kwema. Nenda, koti lako litakuwa tayari.”

Alipobaki peke yake alimwandikia Tarumbeta.

“Karatasi nimeipata. Nani kakupima?”

“Fundi mmoja tu jirani na ukumbi. Kwani vipi mpenzi?”

“Fundi gani huyo?”

Ujumbe ulisomwa. Ikapita dakika, ikapita ya pili.

“Mzee mmoja hivi.”

Njia ya mwongo ni fupi. Fundi alimpigia mdogo wake, Kitinda kama walivyomwita nyumbani, ambaye miezi mitano nyuma alihama, akapanga chumba karibu na kazi yake mpya ya kushona sare za shule.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Nina haraka, nimepoteza karatasi. Kifundo cha mkono cha Tarumbeta ni ngapi?”

“Saba na nu—”

Huko upande wa pili cherehani iliyokuwa ikilia ikaacha kulia.

“Saba na nusu,” Fundi akamalizia. “Ahsante, mdogo wangu.”

Akakata. Simu ikaita mara kumi na moja, hakuipokea. Tarumbeta alipokuja mlangoni siku ya pili, alimkuta mwanafunzi wa ushonaji, akaambiwa fundi haonani na mtu mpaka makoti yaishe. Na kweli alishona. Alishona kwa hasira, akala akikumbushwa, na kila alipolifikia koti la Tarumbeta aliliweka chini ya mengine. Mwisho halikubaki lingine. Akalishona.

Asubuhi ya sikukuu makoti ishirini na tisa yalichukuliwa na gari la bendi. La thelathini alilibeba mwenyewe mpaka nyuma ya uwanja, walikojipanga wapigaji. Tarumbeta alikuwa amekaa juu ya kasha la vyombo. Kitinda alikuwa kando yake amevaa gauni pana, anang'arisha tarumbeta kwa kitambaa. Alipomwona dada yake, kitambaa kikamdondoka.

Fundi hakuuliza walianzaje. Macho ya fundi hayadanganywi na gauni pana.

“Mingapi?”

“Minne, dada.”

“Nisikilize,” Tarumbeta alisema, akasimama. “Nilitaka kukwambia. Nilisema acha sikukuu ipite kwanza.”

“Ipi? Ya uhuru, au ya harusi yangu?”

Tarumbeta aliinama, akaokota kitambaa kilichodondoka.

“Nilikuuliza nani kakupima, ukanitajia mzee. Mzee ana mimba ya miezi minne?”

Mpiga ngoma, aliyekuwa anafunga vifungo hapo karibu, aliondoka polepole na ngoma yake bila mzaha wowote.

“Dada, nipige,” Kitinda alisema huku analia. “Nipige mbele za watu, nitasema ni haki yako.”

“Nikupige wapi? Mwili wote huo nimeuogesha mimi.” Fundi alimnyooshea kiganja chake. “Nimekulisha. Nimekuvusha barabara. Mama alipokata roho, mkono wako uliwekwa katika huu. Wewe unadhani nalilia mwanamume? Wanaume wapo, Kitinda. Mdogo nilikuwa naye mmoja.”

“Bado ninaye dada?”

Fundi aliurudisha mkono wake kwenye koti.

“Sijui,” alisema. “Leo sijui.”

Akamgeukia Tarumbeta, akamfungulia koti.

“Vaa.”

“Siwezi kuvaa kazi ya mkono wako leo.”

“Nimeagizwa thelathini, natoa thelathini. Vaa.”

Akavaa. Lilimkaa mabegani, likamkaa kiunoni, mikono ikaishia palepale kwenye kifundo. Kitinda alipima vizuri. Mama aliwafundisha vizuri wote wawili. Fundi alivua pete ya uchumba, akaitia katika mfuko wa koti lile na kuufunga kifungo.

Alitaka kurudi nyumbani alale kama kila mwaka, lakini njia zote zilikuwa zimezibwa na watu. Akasukumwa, akajikuta mbele kabisa, kwenye kamba, amebanana na bibi mmoja mfupi aliyevaa miwani. Wimbo wa taifa ukaanza. Miaka kumi hakuwa amesimama pale. Bendi ikaja, na tarumbeta moja ikapanda juu ya nyingine zote, ile ile aliyoijua tangu shuleni, bila kutetereka hata kidogo. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mikono imelegea, hakujifunika uso.

Bibi alimtazama, akavua miwani, naye macho yakamlenga.

“Lia, mwanangu, usione haya. Mwaka ule wa kwanza wa Uhuru na sisi tulilia hivi hivi.”

“Ndiyo, bibi.”

“Vijana wa siku hizi wanakuja kupiga picha tu.”

“Ndiyo, bibi.”

Bibi akampa ncha ya mtandio wake ajifute, kisha akawageukia vijana waliokuwa nyuma yao na simu zao juu, akamwonyesha Fundi kwa kidole, kwa fahari kabisa.

“Mtazameni huyu,” alisema. “Hivi ndivyo mtu anavyopenda.”