Mamba wa Jangwani

Kila Jumamosi, tukishamaliza kupiga deki mabweni, tulikusanyika ukumbini kuwasikiliza wanachama wa klabu ya usomaji wakipendekeza vitabu walivyovifurahia. Nasema "walivyovifurahia" kwa heshima zote. Kila kitabu kilisifiwa kwa maneno yale yale: kinaelimisha, kinaonya, kinaburudisha. Tulipiga makofi kwa huzuni inayostahili, kisha tukaenda kunywa chai.

Mwalimu wa maktaba alikuwa na sharti moja: kitabu kiwe kinene. "Ninyi si watoto wa chekechea," alisema. Ambaye angeleta kijitabu cha picha angeondolewa klabuni, na wanaklabu tu ndio walioruhusiwa kwenda na vitabu nyumbani wakati wa likizo.

Sharti hilo lilimbana rafiki yangu Ngamia, msichana mwenye shingo ndefu na kichwa kigumu. Alisoma polepole. Muhula ule alikuwa amemaliza kitabu kimoja tu, chembamba, chenye picha za bata.

"Beba kinene chochote, sema kinaelimisha, kaa chini," nilimshauri kama mzee wa baraza.

"Sijakisoma."

"Kwani nani amesoma?"

"Shauri yao. Mimi nitasema nilichokipenda. Wakinifukuza, wanifukuze."

"Na likizo utasoma nini? Mfuko wa unga?"

"Nitausoma pande zote mbili."

Jumamosi ikafika. Alianza kiranja mkuu, tuliyemwita Waziri kwa jinsi alivyotembea mikono nyuma. Aliinua kitabu kinene kuliko vyote maktabani, akatangaza kwamba kinaelimisha, kinaonya na kinaburudisha. Makofi.

Kisha Ngamia akapanda jukwaani na bata wake. Ukumbi ulicheka mpaka madawati yakalia.

"Ni bata anayeogopa maji," alisema. "Kila asubuhi anajilowesha bombani ili wenzake wadhani ametoka kuogelea. Nilicheka mpaka matroni akaja kuniuliza kama naumwa. Halafu nikalia kidogo."

"Mtoto wa chekechea!" Waziri alimzomea.

Mwalimu alisimama. "Binti, sharti ulilijua?"

"Nililijua, Mwalimu. Lakini hiki ndicho nilichokipenda. Hivyo vingine sivijui."

Mwalimu alikunjua mkono, akaichukua kadi yake ya klabu. Hapo nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, nina swali kwa kiranja. Katika kitabu chake, yule mamba aliyemmeza tarishi, mwishowe alifanywaje?"

Waziri alikohoa kwa hekima. "Aliuawa. Kifo chake kinatufundisha kwamba uovu una malipo."

Mwalimu alimgeukia taratibu. "Mamba gani? Hadithi nzima inatokea jangwani."

"Mamba wa... wa pale mwishoni, Mwalimu."

Safari hii hata wapishi walichungulia dirishani kuona tunacheka nini.

"Na wewe mchokozi," Mwalimu akaniuliza, "ulijuaje kwamba hana jibu?"

"Nilikisoma mpaka katikati ya jangwa, Mwalimu. Kiu ikanirudisha."

Nilidhani atanituma kusugua masufuria. Badala yake aliutazama ukumbi. "Wangapi mmekipendekeza kitabu hiki mwaka huu?" Mikono ikainuka. "Wangapi mmekimaliza?" Mikono ikashuka kama bendera jioni.

Mwalimu akakaa ukingoni mwa jukwaa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Kosa hili ni langu kabla halijawa lenu," alisema. "Nimevipima vitabu kwa unene, kama muuza viazi, nanyi mkanipa uzito niliouomba. Kuanzia leo sitauliza kina kurasa ngapi. Mtu akipendekeza kitabu, anatupa neno lake. Afadhali neno la kweli juu ya kijitabu kuliko sifa za uongo juu ya gogo. Waziri, utakisoma hicho chote, na utatusimulia. Mchokozi utamsaidia kuanzia pale kiu ilipokushika."

Waziri alinitazama. Nilitazama dari.

Mwalimu akamrudishia Ngamia kadi yake. "Haya, tuambie. Huyo bata anaishia wapi? Wenzake wanamgundua?"

Ngamia alikibana kijitabu kifuani, akanyoosha ile shingo yake.

"Siwezi kusema, Mwalimu. Azima usome."

Mwalimu alicheka, akanyoosha mkono kuomba kitabu.

"Utanirudishia kabla ya likizo?" Ngamia akamuuliza, bado hajakiachia.