Zambarau za Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Aciro alikuwa na kazi moja: kumpa bibi yake kidonge cha presha na maji ya kumezea. Mama yake, askari polisi, aliondoka nyumbani kwao mtaa wa Kamwokya, Kampala, alfajiri. Jioni swali lake lilikuwa lilelile.

"Bibi amemeza dawa?"

"Amemeza, Mama."

Uongo mtupu! Wiki nzima Aciro alikuwa akivificha vidonge chini ya godoro. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Siku moja alimkazia macho Aciro, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Lo, mtoto aliogopa! Kisha akasikia redioni kwamba matunda ya rangi nzito, kama zambarau, huenda yakasaidia kulinda ubongo. Akaona amepata tiba, akaanza kumpa Bibi zambarau badala ya vidonge. Bibi naye alivichukia vidonge vichungu, lakini zambarau alizila huku akicheka.

Jumamosi, Bibi akaanguka jikoni, puu! Mama hakwenda kazini siku hiyo, wakambeba mbiombio hadi zahanati. Muuguzi, Sista Munirah, alipomwona mdomo alishtuka.

"Mbona midomo imebadilika rangi? Amekunywa sumu? Dawa zake anameza?"

"Kila siku, Sista," Mama akajibu. "Binti huyu ndiye humpa."

Wote wakamgeukia Aciro. Akisema, Mama atamkasirikia vibaya. Akinyamaza, Bibi atakufa.

"Si sumu, ni zambarau!" akalia. "Dawa hajameza wiki nzima. Nilizificha mimi!"

Sista akapima presha haraka: ilikuwa juu mno. Akamwita daktari, Bibi akaanza kutibiwa. Aciro alikaa kwenye benchi mpaka Bibi alipofumbua macho jioni.

"Umemwokoa kwa kusema kweli," Sista alimwambia. "Tungehangaika na sumu ambayo haipo. Zambarau ni nzuri, mpe. Lakini tunda ni chakula, halishiki nafasi ya dawa. Presha isipotibiwa huuharibu ubongo huohuo uliotaka kuulinda."

Aciro aliinamisha kichwa, akingojea hasira ya Mama. Mama akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa Bibi atatusahau sote."

"Hata mimi naogopa," Mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Siku nyingine usinidanganye. Njoo uniambie, tuogope pamoja, halafu tumuulize anayejua."