Deodatha na Hoja ya Kalavati

Asubuhi nyingi Deodatha alikuwa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba na kahawa, kabla umande haujakauka. Alitandaza majani ya migomba chini ya mibuni, kisha akarudi nyumbani kumenya ndizi huku akiimba. Alikuwa na sauti nzuri. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Labda kwa sababu ya sauti hiyo, mwaka 1990 watu wa kijiji chake, kule Kamuli, walimchagua kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alikuwa mwanamke pekee katika halmashauri hiyo. Mume wake, Projest, alifurahi kuliko yeye mwenyewe.

"Sasa nimeoa serikali," alisema. "Nikikosea nitafungwa humu humu ndani."

Siku ya kikao cha kwanza Deodatha alivaa gauni la Jumapili. Hakupata hata kukaa. Mwenyekiti, Mzee Rwegasira, alimwambia kwa upole, "Mama Egbert, wewe tuangalizie chai."

Akaenda jikoni kwa jirani. Aliporudi na birika, kikao kilikuwa kimefungwa. Kikao kilichofuata kikawa hivyo hivyo. Alidhani ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Kisha zikaja mvua kubwa. Bondeni palikuwa na kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Maji yakaisomba, barabara ikakatika. Hakuna gari lililoweza kufika kijijini.

Siku hizo hizo Costansia, dada yake Projest, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto akakataa kutoka. Wanaume walimbeba kwa machela, wakavuka bonde matope yakiwafika kiunoni. Deodatha alitembea kando yao, ameshika mkono wa wifi yake. Ng'ambo walipata gari, wakafika hospitali ya Nyakahanga. Mama akapona, na mtoto akapona. Lakini muuguzi mmoja aliwaambia, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Maneno hayo yalimkaa Deodatha rohoni. Alimenya ndizi bila kuimba.

Haikupita muda, akafika Eugenia, bibi maendeleo kutoka Kayanga, makao ya wilaya. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, na kazi yake ilikuwa kuzungukia vikundi vya wanawake vijijini. Viatu alivishika mkononi, miguu imejaa tope la bondeni.

"Shikamoo, mama," Deodatha alimwamkia, akamletea maji ya kunawa.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ni mjumbe. Halmashauri yenu imeamua nini kuhusu lile bonde?"

"Sijui, mama. Mimi huwa nachemsha chai."

Eugenia alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka.

"Nani alikuchagua?"

"Wanakijiji."

"Walikuchagua ukachemshe chai?"

"Hapana."

"Basi sikiliza. Kura yako ni sawa na ya mjumbe mwingine yeyote, hata mwenyekiti. Na jambo lisilosemwa kikaoni haliandikwi. Lisipoandikwa halifiki kata, wala halifiki wilayani. Mimi nafanya kazi Kayanga, lakini habari za bonde hili nimezijua leo, kwa miguu yangu."

Deodatha alitazama chini. "Nitasemaje mbele ya wazee? Wataona sina adabu."

"Nenda kwa mwenyekiti mapema. Mwombe aweke hoja yako kwenye ajenda, asikutane nayo ghafla mbele za watu. Hiyo ndiyo adabu. Tafuta na mjumbe mwingine wa kukuunga mkono. Siku yenyewe usizunguke. Sema shida ni ipi, sisi tutafanya nini, na serikali tunaiomba nini. Halafu kaa."

"Nikitetemeka?"

"Utatetemeka. Mimi mara ya kwanza niliishikilia meza mpaka watu wakadhani naihamisha."

Deodatha akacheka. Kesho yake akaenda kwa Mzee Rwegasira. Mzee alimsikiliza, akakubali kuiweka hoja.

"Lakini ujue, Mama Egbert, mwaka huu tunajenga ofisi. Wenzetu wa kijiji jirani wana ofisi ya mabati. Sisi tunakutana chini ya paa la nyasi!"

Deodatha alipotoka hapo akapita kwa Polikarpi, fundi seremala, aliyekuwa mjumbe pia. Polikarpi alikuwa mmoja wa waliobeba machela. Hakuhitaji kuelezwa sana.

Siku ya kikao Deodatha alikaa kwenye benchi, katikati ya wanaume. Mzee Rwegasira alishangaa.

"Mama Egbert, na chai?"

"Leo nina hoja, mwenyekiti."

"Chai nitachemsha mimi," alisema Polikarpi, "ila mnisubiri kabla ya kupiga kura." Wajumbe wakaangua kicheko.

Hoja yake ilipofika, Deodatha alisimama. Maneno ya Kiswahili aliyoyapanga yote yakampotea, akaanza kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani. Mtu mmoja akakohoa.

"Sema kwa lugha yoyote," alisema Mzee Rwegasira. "Tunakusikia."

Moyo ukamtulia, na Kiswahili kikarudi.

"Ndugu wajumbe, Costansia mnamjua. Mmesikia alivyovushwa bonde. Kesho atavushwa mke wa nani? Mawe na mchanga tunavyo, na mikono tunayo. Tuiombe wilaya kalavati na fundi." Akavuta pumzi. "Ofisi nami naitaka. Lakini saruji na mabati yataletwa na gari. Gari hilo litapita wapi?"

Mzee Rwegasira alivua kofia, akaigeuza mikononi.

"Hilo la mabati sikulifikiria," alisema hatimaye. Akacheka mwenyewe. "Polikarpi! Acha birika, njoo tupige kura."

Mikono yote ikanyooshwa. Chai ilinuka moshi, lakini hakuna aliyelalamika.

Hoja iliandikwa, ikapelekwa kata, kisha Kayanga. Jibu halikuja haraka. Deodatha na Mzee Rwegasira walikwenda wilayani kuuliza, wakaambiwa wasubiri, wakarudi tena kuuliza. Baada ya msimu wa kahawa, lori lilileta kalavati mpya. Wanaume walichimba na kupanga mawe. Wanawake walisomba mchanga, na Deodatha aliimba, watu wakiitikia. Barabara ilipopona, gari la kliniki lilianza kufika kijijini kupima akina mama wajawazito. Ofisi ilifuata baadaye, na mabati yake.

Tangu hapo kila kikao mjumbe mmoja alichemsha chai kwa zamu, na Deodatha hakukosa hoja. Alijifunza kusoma bajeti, kuuliza maswali, na kukubali akishindwa. Mwaka 1994 aligombea udiwani. Projest alimsindikiza kila mkutano, akiwaambia watu, "Mpeni kura, nyumbani tumeshamzoea." Akashinda.

Mwaka huo huo wanakijiji walikutana kutaja wagombea wa halmashauri ya kijiji. Costansia alijitaja mwenyewe, mtoto akiwa amemshika gauni. Akafuata jirani yake. Akasimama mwanamke mwingine, na mwingine tena.

Mzee Rwegasira, aliyeongoza mkutano, alifuta jasho.

"Jamani," alisema, "tutaje na wanaume wawili watatu, wasije wakasahaulika!"

Mkutano mzima ukacheka, na Mheshimiwa Diwani Deodatha akacheka kuliko wote.