Kuku wa Daktari Romano

Kila asubuhi huko Koboko, kabla Paska hajanawa uso, kaka yake Lemi alimkagua kama askari wa mpakani.

"Simama hapo! Leo Sudan imevuka mpaka, imeingia shingoni. Na Kongo iko mgongoni, inakuja!"

Paska alimmwagia maji, lakini ramani ilikuwepo kweli mwilini mwake. Tangu familia iliporudi kutoka ukimbizini Sudan, mabaka mekundu yenye kuvimba na kuwasha yalimtoka, yakapotea, yakazuka mahali pengine. Mama yake, Viktoria, alimkataza samaki, kisha simsim, kisha mayai. Mabaka hayakujali. Ndipo akampeleka Arua kwa Daktari Romano, aliyempa vidonge vya kutuliza mwasho na kuanza kumpima damu kila mwezi, ili ajue ugonjwa unaendeleaje.

Vidonge vilisaidia, ila polepole, na Paska hakuwa mtu wa kungoja. Jirani yao, shangazi Celestina, aliuza sokoni vidonge vidogo vilivyotoka ng'ambo ya mpaka. Wanawake wembamba walivinunua ili mashavu yajae.

"Meza, binti yangu, utapendeza," alimnong'oneza. "Lakini mama yako asijue. Ule mama iko na mdomo mkali."

Paska akawa anameza kila siku. Ajabu! Mabaka yakatoweka. Mashavu yakajaa, hata Lemi, kwa kukosa ramani, akabadili salamu: "Karibu, Bibi Andazi!" Mama alifurahi mno. Akamfunga kuku miguu, akapanda lori na binti yake kwenda Arua kumshukuru daktari.

Damu ilitolewa, ikapelekwa maabara. Daktari Romano aliporudi na majibu, hakuwa anacheka. Kuku alilia chini ya benchi.

"Mama Lemi, kuku huyu ni wangu kweli?"

"Wako kabisa, daktari! Dawa yako iko kali sana!"

"Dawa yangu si kali hivi," alisema. "Katika damu ya Paska kulikuwa na chembe nyingi za aina inayoongezeka mtu akiwa na mzio. Vidonge vyangu hutuliza mwasho tu, haviziondoi chembe hizo. Leo karibu zote hazipo. Paska, unameza kitu kingine?"

Paska alimkumbuka shangazi Celestina. "Hapana, daktari."

"Haya. Ninauliza kwa sababu kuna vidonge vinavyofanya hivyo, na mashavu hujaa. Mwili ukivizoea, huacha kujitegemea. Ukiviacha ghafla, unaweza kuanguka, hata kufa."

Jana Paska alikuwa amemeza cha mwisho, na sokoni vilikuwa vimekwisha.

"Nilimeza!" akalia. "Vya shangazi Celestina! Na vimekwisha!"

Mama aliruka. "Celestina! Leo nitamfunga miguu kama huyu kuku!"

"Keti, mama. Naye hakujua," daktari alisema. Akampa Paska dawa ya aina ileile, lakini kwa kipimo cha kupunguzwa kidogo kidogo huku damu ikichunguzwa. Kisha akamrudishia mama kuku. "Huyu arudi nyumbani. Bado sijamstahili."

Mabaka yalirudi kidogo, safari hii Paska akavumilia. Shangazi Celestina, aliposikia, aliacha kuuza vile vidonge, akahamia vitunguu. Mwezi hadi mwezi, majibu ya damu yakawa mazuri, na asubuhi moja Lemi alitangaza kwa huzuni kwamba kwenye ramani imebaki kaunti moja tu, nayo iko kwenye kisigino.

Paska alipomaliza dawa ile, alimbeba mwenyewe yule kuku mpaka Arua. Kuku alikuwa amenona kweli, bila kidonge.

"Asante, daktari. Damu yangu ilikuambia ukweli kabla yangu."

"Si ukweli wote," Daktari Romano akasema. "Damu ilinionyesha kuna jambo, haikuniambia ni nini. Wewe ndiye uliyesema, nami nikajua la kufanya. Usimfiche daktari unachomeza, hata kama umepewa na mtu anayekupenda."

Akampokea kuku kwa mikono miwili.

"Sasa," akasema, "huyu ni wangu kweli."