Zamu ya Mto

Mtori ulinuka tope. Dominika aliuonja tena, akazilaumu ndizi, ingawa alijua ndizi hazina kosa.

Jana ilikuwa Jumatano, siku ambayo watumiaji wote wa mfongo, mfereji wao wa jadi hapo Kibosho, walikubaliana kutogusa maji, yateremke mtoni ili bonde nalo liishi. Waliiita zamu ya mto. Lakini migomba ya Dominika ilikuwa inanyauka, na mkwe wake Doris alikuwa mzazi mbichi. Mzazi bila mtori atanyonyesha nini? Basi akaenda kwenye banio, pale maji yanapogawanywa, akaziba njia ya mto kwa udongo na maganda ya mgomba, maji yakaja shambani kwake. Mto hauna mdomo wa kushtaki, alijiambia.

“Mama,” Doris aliita taratibu kutoka chumbani. “Maziwa yamekata.”

Hapo Kibosho mtu akinyimwa zamu huenda kwa aliyeyashika maji, akagonga mlango kwa mpini wa jembe. Jua likielekea kuzama, mpini uligonga.

“Nani?”

“Nimefuata zamu yangu.” Sauti ya mwanamke, kama ana maji kooni.

Dominika alifungua asione mtu, ila nyayo mbichi sakafuni, moja mbele ya nyingine, zikimpita na harufu ya samaki waliooza, zikielekea chumbani alikolala mtoto, naye badala ya kuzifuata akakimbilia kwenye banio, akafukua udongo kwa kucha hadi maji yakateremka yote bondeni.

Alipoinuka, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, mzee Aikaeli, alikuwa amesimama pale.

“Shikamoo,” alisema Dominika, akijipangusa udongo.

“Marahaba. Dominika, umekula zamu ya mto?”

“Nimeyarudisha maji, mzee.”

“Maji, ndiyo. Jumatano je? Aliyekula zamu ya mwenzake humwachia yake. Unaijua sheria hiyo.”

Nyumbani alimkuta Doris analia. Maziwa yalikuwa yamerudi, yamelowesha kanga, lakini mtoto hakuyataka. Alikuwa ameshiba. Midomoni mwake mlikuwa na tope laini.

“Nani amemnyonyesha, mama?”

Dominika alimfuta mtoto midomo kwa upindo wa kanga. Tangu hapo kila Jumatano mtoto hukataa ziwa la mama yake. Hugeuza uso kuelekea bondeni, akatulia, akisubiri mlango ugongwe.