Hodi mu bateau ya Rhin

Hii ilimupata rafiki yangu Honoré, licencié mu droit, alisomea sheria, na mu chômage, bila kazi. Alikuwa amepanga bidon mu mustari ku robinet ya maji ya Kadutu, kartie yetu, juu sisi wa kando ya lac, ziwa kubwa, tunakosaka maji, wakati mama yake, Eulalie, alimuita mu vidéo ya téléphone. Dada yake Honoré wa Liège, kule Ulaya, alikuwa amemulipia mama croisière ya kwanza, safari ya kutembea na bateau ku mto Rhin.

Mama akalalamika: "Chumba iko kadogo sawa armoire ya nguo, na dirisha haifunguke. Chakula ni fromage tu, maziwa ya kugandishwa."

"Kula, maman. Huku tunakula discours za wakubwa."

Bateau ikashuka mu écluse, ile kisima ya béton yenye kushushaka bateau pale mto unashuka. Ukuta yenye kulowana ikafunika dirisha, chumba ikawa giza saa sita ya mchana. Kioo ya dirisha ikagongwa polepole, kutoka inje. Sauti ikasema: hodi.

"Maman, usiitike." Kwao, hodi ya mu giza haiitikiwake.

Mais mama alikuwa amekaa siku nyingi bila kusikia Kiswahili. Akajibu na furaha: "Karibu."

Maji ikatiririka. Mwangaza iliporudi, Honoré akaona mu téléphone: chumba ilikuwa tupu, ufunguo ungali ndani ya mulango. Na inje ya kioo, mama yake alikuwa anapiga hodi.